Siha ya Nyumba: Jua, Figo na Ugumu wa Mishipa

Mwezi huu ukurasa wetu umeletewa barua na kijana mmoja wa Tanga, naye ataka kujua jambo ambalo naona lawahusu wengi zaidi yake. Mama yake ana maradhi ya figo tangu miaka mitatu, na hospitalini ameambiwa kuwa figo zake zimebakiwa na kiasi cha robo tu ya nguvu zake za asili. Hivi karibuni ami yake aliyeko Maskati amemletea mama chupa ya vidonge vya vitamini D, akasema kwamba huko wengi wavitumia, na kwamba vyalainisha mishipa ya damu na kuupa moyo nguvu. Majirani nao wasema hana haja ya vidonge, aote jua la asubuhi basi. Na mama mwenyewe amekwisha anza kupunguza dawa za presha alizoandikiwa, kwa kuwa zamchosha, akitumai kuwa vitamini itamtosha. Kijana auliza: “Maalim, ni lipi la kweli katika haya, nasi tumshike mama kwa lipi?”

Nitatanguliza jibu la dawa za presha, maana hilo halingoji mwisho wa makala. Mwanangu, mama asiache dawa zake. Kama zamchosha, mpelekeni kliniki amweleze tabibu, naye ana dawa za namna nyingi za kumbadilishia. Presha isiyoshikwa huzimaliza figo zilizobaki, tena huzimaliza kimya kimya, wala hapana vitamini yoyote duniani iliyothibitika kuchukua mahali pa dawa hizo. Hilo limalizike leo usiku, ndipo tuje kwenye chupa ya ami.

Mimi si tabibu. Nilisoma chuoni na skuli ya msingi, na kazi yangu ni kusomesha watoto Kurani. Lakini mambo haya yameandikwa vitabuni, na matabibu hawakatai kuulizwa, na mwenye akili timamu akielezwa kwa taratibu huelewa. Basi na tuyaanze kwenye shina lake.

Figo ni mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi, nazo zimekaa nyuma, chini ya mbavu, moja kuume na moja kushoto. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo hupitisha maji ya damu yapatayo lita 180, na karibu yote hurudishwa mwilini. Lita moja au mbili tu ndizo zitokazo kuwa mkojo. Wengi wetu hudhani kazi ya figo yaishia hapo, kama kwamba ni mfereji wa maji machafu. Sivyo. Figo hutengeneza pia. Hutengeneza homoni inayouamuru uboho wa mifupa uzae damu, na hii ndiyo sababu ya mgonjwa wa figo kupungukiwa na damu hata akila vizuri. Tena figo ndizo zinazoikamilisha vitamini D, ambayo kabla ya kukamilishwa haina nguvu ya kufanya kazi yake.

Hadithi ya vitamini hii yafaa kujulikana. Katika miji ya Ulaya iliyofunikwa na moshi wa viwanda, watoto wengi waliota matege, mifupa yao ikawa laini mfano wa nta. Mwaka 1919 tabibu Kurt Huldschinsky wa mjini Berlin aliwaweka watoto wenye matege mbele ya taa yenye mionzi ya urujuani, ile isiyoonekana kwa macho nayo imo katika nuru ya jua, na mifupa yao ikapona. Wakati huo huo Edward Mellanby wa Uingereza alikuwa akiwaponya mbwa wenye maradhi hayo kwa mafuta ya ini la samaki. Jua na mafuta ya samaki! Nani angedhani kuwa ni dawa moja? Mwaka 1922 Elmer McCollum na wenzake, huko Baltimore nchini Marekani, walionyesha kuwa kilichomo katika mafuta hayo ni kitu cha peke yake, nacho kikapewa herufi D kwa kuwa A, B na C zilikwisha chukuliwa.

Baadaye ikajulikana njia yake mwilini. Mionzi ya jua ikipiga ngozi hugeuza mafuta fulani yaliyomo ngozini yakawa vitamini D. Vitamini hiyo huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, na ini huigeuza mara ya kwanza. Kisha hufika kwenye figo, na figo huigeuza mara ya pili. Mwaka 1970 Fraser na Kodicek, wanazuoni wa Cambridge, walionyesha kuwa panya walioondolewa figo hawawezi kuitengeneza hali hiyo ya mwisho, ambayo leo yaitwa kalsitrioli. Kalsitrioli ndiyo inayoyaambia matumbo yapokee chokaa iliyomo katika chakula na kuiingiza katika damu. Nasema chokaa kwa jina la zamani; watoto wa skuli siku hizi huiita kalsiamu.

Fikirini habari ya nafaka. Ngozi na jua ni shamba, ini ni kinu, na figo ndizo jiko. Mwenye magunia tele ghalani, na jiko lake limezimika, atalala njaa juu ya magunia yake. Shikeni mfano huu, maana ndani yake mna nusu ya jibu la barua.

Sasa tuone jiko linapopoa. Figo zikidhoofika, jambo la kwanza ni kwamba zashindwa kuitoa fosfati, madini ambayo huingia mwilini kila siku pamoja na nyama, samaki, maziwa na maharagwe. Mifupa ikihisi fosfati yakaribia kuzidi, hutoa homoni yake ya kuziamuru figo zizidi kuitoa. Homoni hiyo ina amri ya pili: huziamuru figo zipunguze kutengeneza kalsitrioli. Kwa hiyo kalsitrioli yapungua kwa sababu mbili, udhaifu wa figo wenyewe na amri hii. Kalsitrioli ikipungua, chokaa haiingii vya kutosha kutoka chakulani. Hapo ndipo tezi nne ndogo sana zilizo shingoni zinapoona chokaa ya damu yapungua, nazo zina homoni yao, nayo huamuru chokaa itolewe mifupani. Mwili wa mtu mzima una chokaa yapata kilo moja, na katika kila sehemu mia za chokaa hiyo, 99 zimo katika mifupa na meno. Kwa hiyo mifupa ndiyo hazina, na hazina yaanza kuvunjwa.

Haya yote mgonjwa hayahisi. Hana maumivu, hana dalili. Pengine miguu yavimba kidogo jioni, au mkojo una povu. Na ndani yake mifupa yapoteza chokaa, na damu yachukua fosfati nyingi kuliko inavyostahimili. Chokaa na fosfati zikikutana kwa wingi hushikamana na kuwa kitu kigumu. Mifupa yenyewe imeumbwa kwa hizo. Basi zikikutana pasipokuwa pake hujenga pasipokuwa pake, nako ni katika kuta za mishipa ya damu na vilango vya moyo.

Tabibu wa Kijerumani Rudolf Virchow aliandika mwaka 1855 juu ya chokaa kuhama kutoka mifupani ikakaa katika viungo vingine. Zamani ilidhaniwa kuwa chokaa huganda tu kwenye ukuta wa mshipa, mfano wa birika la chai lililochemshiwa maji ya kisima miaka mingi. Siku hizi imeonekana kuwa jambo lenyewe ni zito zaidi. Seli za misuli zilizomo katika ukuta wa mshipa, zikizungukwa na fosfati nyingi, huacha tabia yake na kuanza kufanya kazi kama seli za mfupa. Mshipa, kwa hakika ya maneno, waanza kuwa mfupa.

Na mshipa mgumu una madhara gani? Moyo wetu hupiga kwa mikupuo. Kila ukisukuma, mshipa mkubwa utokao moyoni hutanuka kuupokea mkupuo ule, kisha hurudi polepole na kuisukuma damu mbele, hata ikifika kwenye viungo huwa yaenda kwa upole. Mshipa uliokuwa mgumu hautanuki. Moyo wausukumia mrija mfano wa bomba la chuma. Presha ya juu hupanda, moyo hufanya kazi ya punda, na ukuta wake hunenepa. Moyo ulionenepa hivyo hutaka damu nyingi zaidi ya kujilisha wenyewe, na mishipa ya kuulisha nayo imekwisha banana. Kwa sababu hii wagonjwa wengi wa figo hufa kwa moyo na mishipa kabla hata ya kufikia kusafishwa damu kwa mashine. Jambo hili yafaa lijulikane majumbani, kwa kuwa watu huulizana, “Figo zake zimefikia wapi?” wala hawauulizi moyo.

Wala hili si la wazee peke yao. Mwaka 2000 matabibu wa Los Angeles waliandika habari za vijana na watoto 39 waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine, wa umri wa miaka 7 hadi 30. Walipoipiga picha mioyo yao, walio chini ya miaka 20 hawakuonekana na chokaa katika mishipa ya moyo. Lakini katika 16 waliokuwa na miaka 20 hadi 30, kumi na wanne walikuwa nayo. Kijana wa miaka 25, na mishipa ya mzee!

Hapo ndipo watu walipoiangalia vitamini D kwa matumaini. Hoja yao ilikuwa nzuri. Wagonjwa wa figo wana vitamini kidogo. Wale wenye kidogo zaidi ndio wafao mapema zaidi. Tena kuta za mishipa zina milango ya kuipokea vitamini hiyo. Basi tukiwapa, si watapona? Ndivyo asemavyo ami wa Maskati, na hakusema neno la kipumbavu. Wataalamu wakubwa walisema vivyo hivyo kwa miaka mingi.

Illa hoja hii ina tundu. Ni mtu gani mwenye vitamini D nyingi? Ni yule aendaye shambani, atembeaye sokoni, avuaye samaki. Mgonjwa aliyezidiwa hulala ndani, hali vizuri, haoni jua. Vitamini yake hupungua kwa sababu ni mgonjwa. Tena, mwenye protini nyingi katika mkojo hupoteza na vitamini yake humo humo. Kwa hiyo kukuta vitamini kidogo kwa mtu aliye karibu na kufa hakuthibitishi kuwa upungufu huo ndio umuuao. Haijulikani mpaka watu wagawanywe mafungu mawili kwa kura, hawa wapewe dawa na wale wasipewe, kisha wangojewe.

Na imefanywa. Nitataja majaribio matatu, kwa kuwa kila moja lafundisha jambo lake.

La kwanza ni la mji wa Chandigarh, kaskazini ya Bara Hindi, lililotangazwa mwaka 2017. Walichaguliwa wagonjwa 120 wenye maradhi ya figo ya daraja ya tatu na ya nne, wasio na kisukari, ambao vitamini D yao ilikuwa chini. Nusu walipewa vitamini ya kawaida, ile itokayo katika jua, vizio 300,000 mwanzoni na vizio 300,000 tena baada ya wiki nane. Nusu wakapewa dawa ya mfano isiyo na kitu. Kisha mishipa ya mikono yao ikapimwa. Mkono hufungwa kwa mfuko wa kupimia presha kwa dakika chache hata damu ikazuilika, kisha hufunguliwa ghafula, na mshipa huangaliwa kwa chombo cha mawimbi ya sauti: wajua kutanuka, au umekuwa mzito? Baada ya wiki 16, mishipa ya waliopewa vitamini ilitanuka vizuri kuliko zamani, na ya wenzao ilibaki ilivyokuwa. Hii ni habari njema. Yaonyesha kuwa viungo vingine navyo vina mafiga yake madogo, hata kama jiko kubwa la figo limepoa. Walakini tuitie mipaka yake: watu 120, miezi minne, na kilichopimwa ni kutanuka kwa mshipa. Hakikuhesabiwa nani aliyeokoka na kiharusi wala nani aliyeishi zaidi.

La pili, lililotangazwa mwaka 2012, liliwachukua wagonjwa 227 wa nchi kadha. Hao walipewa dawa iitwayo parikalsitoli, nayo ni nafaka iliyokwisha pikwa, haihitaji jiko la figo. Ilitumainiwa kuwa unene wa moyo utapungua. Baada ya wiki 48 unene ulikuwa sawasawa kwa waliopewa na wasiopewa.

La tatu ni la Ujapani, nalo ndilo lenye uzito kwangu, maana halikupima kivuli cha jambo, lilihesabu jambo lenyewe. Walikuwa wagonjwa 976 wanaosafishwa damu kwa mashine. Fungu moja lilipewa alfakalsidoli kila siku, nayo ni dawa ya jamii hiyo ya vitamini D isiyohitaji jiko la figo. Fungu la pili halikupewa. Wakaangaliwa yapata miaka minne, na matokeo yakatangazwa mwaka 2018. Katika 488 waliopewa dawa, 103 walipatwa na masaibu ya moyo na mishipa. Katika 476 wasiopewa, walipatwa 85. Tofauti hii si kubwa kiasi cha kusema kuwa dawa iliwadhuru, lakini ni wazi kuwa haikuwakinga.

Kwa hivyo KDIGO, jumuiya ya kimataifa itoayo miongozo ya maradhi ya figo, ilishauri mwaka 2017 kwamba dawa hizi zilizokwisha pikwa zisitolewe kwa desturi kwa wagonjwa wasiofikia mashine. Ziwekewe wale wa daraja ya nne na ya tano ambao homoni ya tezi za shingo imepanda sana na yazidi kupanda. Ama vitamini D ya kawaida, mgonjwa akipimwa akaonekana amepungukiwa, ajazwe kama wanavyojazwa watu wengine.

Naona huu ni uamuzi wa haki. Mwenye upungufu na ajazwe, kwa ajili ya mifupa yake, na huenda mishipa ikanufaika. Asiye na upungufu hana la kutafuta chupani.

Tena kuna hatari. Vitamini hii haifanani na C, ambayo ikizidi hutoka na mkojo. D hukaa katika mafuta ya mwili miezi mingi. Ikizidi sana, chokaa hupanda katika damu, mtu huona kiu, kichefuchefu, tumbo kufunga, mkojo mwingi, hata akili kuchanganyika. Na chokaa ile iliyozidi huenda kule kule tulikokukimbia, kwenye mishipa na kwenye figo. Uingereza iliona haya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Vitamini D ilikuwa imetiwa katika maziwa ya unga na vyakula vya watoto, na juu yake mama akampa mtoto mafuta ya samaki kwa mapenzi, na baadhi ya watoto wakaugua kwa kuzidi chokaa. Mwaka 1957 serikali ikapunguza vipimo. Ikiwa mtoto mwenye figo nzima aliweza kuugua hivyo, je, mama mwenye robo ya figo?

Basi chupa ile ya Maskati isomwe maandishi yake. Kipimo cha kawaida cha kila siku kwa mtu mzima ni vizio 600, na 800 kwa aliyepita miaka 70. Ziko chupa ambazo kidonge kimoja kina vizio 50,000, nazo ni za kutumiwa kwa hesabu ya tabibu, mara moja kwa wiki au kwa mwezi, si kila asubuhi pamoja na chai. Tena itazamwe kama mmechanganywa chokaa ndani yake. Vidonge vingi vimechanganywa, na mgonjwa wa figo hastahili kujiongezea chokaa bila ya kupimwa. Ami asihuzunike, maana kumpelekea shemeji yake dawa ni wema. Achukue mama chupa yenyewe, aende nayo kliniki.

Na jua? Majirani hawakukosea, ila saa ndiyo wamekosea. Jua la asubuhi mapema ni zuri kwa kuota baridi ikitoka, lakini mionzi itengenezayo vitamini ni michache sana wakati huo, kwa sababu jua likiwa chini mionzi hiyo hupotelea angani. Kipimo chepesi ni kivuli. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, mionzi ipo. Kikiwa kirefu kuliko wewe, ni haba. Sisi tuliozoea kuijua Alasiri kwa kivuli twaweza kukipima hiki bila saa ya ukutani. Dakika chache kwa mikono na miguu zatosha kuanzia, na mwenye ngozi nyeusi huhitaji muda zaidi ya mweupe. Jua lipitalo katika kioo cha dirisha halifai kitu kwa jambo hili. Na jambo la kushukuru ni kwamba jua halimzidishii mtu vitamini D mpaka ikawa sumu. Ngozi ikishapata kiasi chake huiharibu iliyozidi.

Ndugu zetu wa nchi za Ghuba wana jua kali kuliko letu, na bado upungufu wa vitamini D ni mwingi kwao, kwa kuwa joto limewaingiza ndani ya nyumba. Huku kwetu Tanzania, Wamasai na Wahadzabe waliopimwa, habari zao zikaandikwa mwaka 2012, walikutwa na wastani wa 115, kwa kipimo ambacho walio chini ya 50 huhesabiwa wamepungukiwa. Hao huishi nje. Baadhi ya watu hupenda kulisingizia vazi la wanawake wetu. Mimi naona kosa ni la mafundi wa nyumba. Bibi zetu walivaa buibui wakitoka, na wakirudi walikuwa na uwa, wakapepeta mchele na kufua na kusukana nywele juani, mikono wazi, macho ya watu wa nje hayafiki. Nyumba tujengazo leo hazina uwa, na walio ghorofani hawana hata kibaraza. Mwenye kujenga na akumbuke kuacha kiwanja kidogo kisichochunguliwa.

Pana jambo ambalo kwa mama huyu lapita vidonge na jua kwa umuhimu, nalo ni fosfati ya chakula. Fosfati iliyomo katika maharagwe na nafaka haiingii mwilini yote, kwa kuwa imefungika. Ile inayotiwa viwandani huingia karibu yote: imo katika soda nyeusi, soseji, nyama za kopo, jibini za kupaka, na mara nyingi katika unga wa kuumulia keki. Hizo aziache kabisa, hazina hasara kuziacha. Dagaa waliwao na miba yao wana fosfati nyingi. Ale kidogo, au ale samaki wa mnofu. Maziwa kikombe kimoja yatosha. Akiandikiwa vidonge vya kuishika fosfati, avimeze pamoja na chakula, katikati ya tonge. Avimezaye usiku tumbo likiwa tupu hapati faida. Na kwa kuwa figo zimefikia robo, apimwe potasiamu pia, maana ikipanda huweza kuusimamisha moyo ghafula. Watu humletea mgonjwa madafu kwa kuwa “yasafisha figo”. Madafu yamejaa potasiamu, na hali kadhalika ndizi na tende. Mwenye figo nzima na ayanywe kwa raha. Huyu amwulize tabibu kwanza.

Kwa ajili ya tende, nimekumbuka Ramadhani. Mwenye robo ya figo akikaa mchana kutwa bila maji huweza kuzipoteza zilizobaki. Sheria imempa mgonjwa ruhusa iliyo wazi, na yule ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona hulisha maskini kwa kila siku. Wazee wetu huona haya kula mchana wa Ramadhani hata wakikatazwa na matabibu, na watoto huona haya kuwaambia. Mwanangu, mwambie, tena umwambie kabla ya Shaabani, asije akafunga kwa siri.

Siku ya kliniki mwandikie karatasi ya kumpa tabibu, ukiomba kujua kreatinini, potasiamu, chokaa na fosfati ya damu, homoni ya tezi za shingo, na vitamini D ikiwa hospitali yaweza kuipima. Ziandike tarehe na namba zake katika daftari moja, kwa kuwa namba moja peke yake husema kidogo, na namba za mwaka mzima husema mengi. Aulizwe pia kuhusu dawa za maumivu: diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huuzwa kila duka na kumezwa kwa kila maumivu ya goti, huzidhuru figo zilizo dhaifu. Na wewe na ndugu zako, hasa aliye na kisukari au presha miongoni mwenu, pimeni mkojo kwa protini na damu kwa kreatinini siku hiyo hiyo mkiwa naye hapo, kisha mrudie kila mwaka.